Simu ya kwanza isiwe kwa mama: mtoto mwenye mzio mkali anapoanza shule

“Shikamoo daktari. Mwanangu ana miaka 6 na mwezi ujao anaanza darasa la kwanza. Ana mzio wa karanga na wa maziwa, na pia ana pumu. Alipokuwa na miaka 4 alionja biskuti ya mtoto mwenzake. Ndani ya dakika kumi midomo ilivimba, akatapika, akalegea kabisa. Hospitali walimchoma adrenalini, akarudi. Tangu hapo tuna kalamu mbili za adrenalini nyumbani. Mwalimu mkuu ni mtu mwema, ameniambia nisiwe na wasiwasi: atapiga marufuku karanga shule nzima, mtoto atakula peke yake ofisini, kalamu zitafungiwa kabatini, na akipata tatizo watampa dawa ya maji ya mzio halafu wanipigie simu nije. Kipimo chake cha damu cha karibuni kimepanda sana kuliko cha zamani. Je, ina maana safari ijayo hatapona? Harufu tu ya karanga inaweza kumuua? Mama mkwe anasema nimlambishe kidogo kidogo azoee. Silali usiku. Nifanye nini?”

Marahaba, mama. Nimeisoma barua yako mara mbili, na ninaona kila aliyetajwa humo anamtakia mtoto mema: wewe, mwalimu mkuu, hata mama mkwe. Tatizo ni mpangilio. Shule imepanga kuzuia karanga, kumtenga mtoto, kumpa dawa ya maji, kukupigia wewe, na baada ya yote hayo ndipo huenda mtu akakumbuka kwamba kuna kabati na ndani yake kuna kalamu, yaani sindano ya adrenalini iliyokwisha kujazwa dozi yake. Mimi ningeugeuza mpango huo juu chini. Nitakueleza kwa nini, maana ukishaelewa kinachotokea mwilini hutahitaji kukariri orodha yoyote, na utaweza kuzungumza na mwalimu bila kugombana naye.

Kinga ya mwili wa mwanao ilikosea kumtambua adui. Siku fulani ilikutana na protini ya karanga, pengine kupitia ngozi yenye ukurutu kabla hata hajaila, ikaiandika kwenye daftari la wabaya. Ikatengeneza kingamwili za aina iitwayo IgE, nazo zikaenda kujibandika juu ya seli za masti. Seli hizi zimetapakaa chini ya ngozi, kwenye utando wa pua na koo, kwenye njia za hewa, utumboni na kandokando ya mishipa ya damu, na kila moja imejaa vifuko vya histamini na kemikali nyingine. Siku hiyo ya kwanza hakuna anayeona kitu. Mtego unategwa kimya kimya. Protini ileile inaporudi, inazinasa hizo IgE, mtego unafyatuka, na vifuko vinamwagika kwa pamoja sehemu nyingi za mwili.

Sasa kumbuka seli hizo ziko wapi, na dalili za mwanao zitajieleza zenyewe. Kwenye ngozi na midomo kuna mwasho, mabaka na uvimbe. Utumboni, tumbo linakata na mtoto anatapika. Kwenye njia za hewa misuli inajikaza, koo linavimba, pumzi inatoka na mluzi. Mishipa ya damu inalegea na kuvuja, maji yaliyomo kwenye damu yanatoka nje ya mishipa, presha inaporomoka. Kule “kulegea kabisa” unakokutaja hakukuwa uchovu wa kutapika. Damu ilikuwa haifiki vya kutosha kichwani. Hiyo ndiyo anafilaksia, na katika barua yako yote ndiyo sentensi iliyonifanya niinuke kitini.

Neno hilo lina historia yake. Mwaka 1902 Wafaransa wawili, Paul Portier na Charles Richet, walikuwa wakijaribu kuwazoesha mbwa sumu ya mnyama wa baharini mwenye minyiri inayowasha. Walitegemea kwamba mbwa aliyepata dozi ya kwanza angekuwa mgumu zaidi kwa ya pili. Ikawa kinyume: dozi ndogo ya pili ikamuua mbwa ambaye ya kwanza hakuijali. Wakaiita hali hiyo kinyume cha kinga, na Richet akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Nimekikumbusha kisa hiki kwa sababu ya ushauri wa mama mkwe. Nitaurudia.

Adrenalini inapambana na kila sehemu ya janga hilo kwa wakati mmoja. Inaibana mishipa iliyolegea, inafungua njia za hewa, inaupa moyo nguvu, na inazipunguza kasi seli za masti zisiendelee kumwaga. Dawa ya maji ya mzio, yaani antihistamini, inafanya kazi moja tu, kuizuia histamini isishike pale inapotaka kushika. Inatuliza mwasho na mabaka. Haizuii koo kufunga, hainyanyui presha, na kwa kuwa inapitia tumboni inaweza kuchukua nusu saa au zaidi kabla haijaanza kusaidia, ikiwa mtoto hajaitapika. Steroidi, zile dawa za kutuliza uvimbe, nazo huchukua saa kadhaa.

Tena dawa ya maji ina udanganyifu wake. Kwa sababu inafanya kazi kidogo, mabaka yanafifia, watu wazima wanashusha pumzi, mtoto anaambiwa akalale kwenye benchi apumzike, na huku ndani presha inaendelea kushuka. Niliwahi kumpokea msichana wa miaka tisa aliyefikishwa hospitali akiwa na ngozi safi kabisa na hawezi kutamka jina lake. Shuleni alikuwa amepewa dawa ya maji mara mbili. Kalamu yake ilikuwepo, kabati lilikuwa limefungwa, na ufunguo ulikuwa na mwalimu aliyekwenda kikao. Alipona. Lakini tangu siku hiyo neno “kabati” nikilisikia kwenye mipango ya shule, nasimama hapo hapo.

Tupige hesabu ya muda. Mwaka 2000 daktari wa Uingereza, Richard Pumphrey, alichapisha uchunguzi wa vifo vya anafilaksia. Kwa waliofariki kwa sababu ya chakula, muda wa kati tangu kula hadi moyo au pumzi kusimama ulikuwa dakika 30. Kwa walioumwa na wadudu kama nyuki na manyigu ulikuwa dakika 15. Sasa weka humo simu ya shule: mwalimu aitafute namba yako, uipokee au usiipokee, uombe ruhusa kazini, upate usafiri, ufike, mshauriane. Waswahili tunasema haraka haraka haina baraka. Hapa baraka yote iko kwenye haraka.

Kwa hiyo, mama, simu ya kwanza isiwe kwako. Tena kitu cha kwanza si simu kabisa, ni sindano. Baada ya sindano, apigiwe wa gari la wagonjwa. Wewe uje wa tatu. Najua mama yeyote anayesoma mstari huu moyo unamsukuma ukatae, lakini mwalimu anayesubiri ruhusa yako anaweza kuwa anasubiri kitu ambacho mtoto hana muda nacho. Ruhusa hiyo itoe leo, kwa maandishi, ikiwa na saini yako na ya daktari: akionesha dalili hizi, mchomeni, hamtaulizwa.

Walimu wengi ninaokutana nao hawaogopi kufanya uzembe, wanaogopa kuchoma bila sababu. Waambie ukweli. Adrenalini ya kalamu ikimwingia mtoto asiyeihitaji, moyo utamdunda, atatetemeka, atapauka, pengine kichwa kitamuuma, na baada ya muda mfupi itakwisha. Mtoto mwenye moyo mzima anaivumilia. Kuchelewa ndiko kunakotajwa tena na tena katika taarifa za vifo.

Nikija kwenye kipimo chako cha damu, pumua kwanza. Namba ya IgE inatuambia uwezekano kwamba mzio upo, na ikipanda inaweza kutudokeza kwamba mtoto bado hajakaribia kuuacha. Haisemi safari ijayo itakuwa kali kiasi gani. Nina wagonjwa wenye namba kubwa wanaotokwa mabaka matatu tu, na wenye namba ndogo walioanguka. Tena kifo kwa mzio wa chakula ni nadra sana. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kwamba hata kwa mtu mwenye mzio, uwezekano wa kufa kwa chakula ni mdogo kuliko uwezekano wa mtu yeyote kufa kwa ajali. Kinachotutia wasiwasi zaidi ni mambo tunayoweza kuyashika: pumu isiyodhibitiwa, adrenalini iliyochelewa, na baadaye umri wa ujana, pale mtoto atakapoanza kuacha kalamu nyumbani ili asionekane tofauti na wenzake. Kwa mwanao wa leo ningehangaika na pumu yake kuliko namba ile. Kama anakohoa usiku, au anatumia pampu ya kumfungua kifua zaidi ya mara mbili kwa wiki, hiyo ndiyo taarifa ya kumpelekea daktari kabla shule haijafunguliwa.

Kuhusu harufu, hofu hii imeenea sana na imewafungia watoto wengi ndani bila sababu. Tunachokinusa ni kemikali nyepesi zinazoruka hewani. Protini inayofyatua mtego haimo katika harufu hiyo. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani waliwachukua watoto 30 wenye mzio mkali wa karanga, wakawanusisha siagi ya karanga kwa dakika kumi na kuwapaka kidogo kwenye ngozi. Wengine walipata wekundu au mwasho mahali pale pale palipopakwa, lakini hakuna hata mmoja aliyepata anafilaksia. Yapo mambo ya kuangalia, hasa kwa mwenye pumu. Mvuke wa chakula kinachochemka hubeba protini, na vumbi pia hubeba. Mzio wa samaki na wa maziwa unajulikana kwa hilo. Kuna hata chaki zinazouzwa kwa sifa ya kutotoa vumbi ambazo zina kaseini, ambayo ni protini ya maziwa, na watoto wenye mzio wa maziwa na pumu wamewahi kubanwa kifua darasani kwa ajili yake. Muulize mwalimu chaki yake ni ya aina gani. Najua linasikika kama swali la ajabu.

Njia kuu ya hatari ni ileile ya kawaida: mkono hadi mdomoni. Watoto wa miaka sita wanashika kila kitu na kulamba vidole. Ndiyo maana kunawa kuna thamani kuliko ilani iliyobandikwa ukutani. Utafiti wa mwaka 2004 ulionesha kwamba sabuni na maji, au vitambaa laini vyenye unyevu, huondoa protini ya karanga mikononi, lakini maji matupu na zile jeli za kuua vijidudu huiacha. Jeli inaua bakteria, na protini haina uhai wa kuuliwa. Darasa lenye utaratibu wa kila mtoto kunawa kwa sabuni baada ya kula, na meza kupanguswa kwa sabuni kabla ya mwanao kukaa, limefanya kazi kubwa.

Marufuku ya shule nzima ndiyo jambo lenye ubishi, na sitakuficha pande zake. Wazazi wengi huipenda kwa sababu inaonekana. Lakini jopo la kimataifa la wataalamu lilipopitia ushahidi wote uliokuwepo, katika mwongozo wake wa mwaka 2021 lilishauri shule ziweke nguvu kwenye mafunzo ya walimu, mipango ya dharura ya kila mtoto na adrenalini iliyo tayari, na halikupendekeza marufuku ya chakula kwa shule nzima. Lilikiri lenyewe kwamba ushahidi si mzito. Huko Massachusetts, Marekani, watafiti walipolinganisha shule, zilizojitangaza hazina karanga hazikuwa na matukio machache ya kutumia adrenalini kuliko nyingine. Zilizokuwa na meza maalumu zisizo na karanga zilikuwa nayo machache kidogo. Katika jimbo hilohilo, karibu robo ya watu waliochomwa adrenalini shuleni hawakuwa wamejulikana kabla kwamba wana mzio wowote. Marufuku haiwezi kumlinda mtoto ambaye hata mama yake hajui.

Na kwako kuna tatizo jingine: karanga zinaweza kukatazwa, maziwa je? Yamo katika vyakula vingi mno. Shule itakayoridhika na bango la “hapa hakuna karanga” itamsahau mtoto wa maziwa. Hata hivyo sisemi ukatae kila katazo. Kwa watoto wadogo ambao bado hawajui kutogusa cha mwenzao, kukubaliana kwamba darasa lao halileti karanga ni busara, mradi kila mtu ajue kwamba hilo ni nyongeza tu. Pokea ukarimu wa mwalimu mkuu, halafu umwombe kilicho muhimu zaidi.

Kula peke yake ofisini, hapana. Mtoto aliye peke yake na chakula ndiye mtoto ambaye hakuna atakayemwona akishika koo. Achilia mbali kwamba baada ya wiki mbili atajua yeye ni mtu wa kufungiwa. Akae mezani na wenzake, mahali pake pawe pamesafishwa, pembeni yake wakae rafiki wawili ambao chakula chao hakina karanga wala maziwa ya kumwagika, na mtu mzima awe anaweza kumwona. Chakula chake kitoke nyumbani, na kusiwe na kubadilishana hata punje.

Sasa walimu watambueje? Mtoto wa miaka sita hatasema “koo langu linafunga.” Atasema ulimi una nywele, mdomo unachoma, kuna kitu kimekwama, tumbo linauma. Atakuna ulimi kwa meno. Sauti itakwaruza, atakuwa anameza meza mate, atanyamaza ghafla na kutaka kubebwa. Wafundishe walimu kanuni fupi. Mabaka machache ya ngozi peke yake, bila kitu kingine: apewe antihistamini, asiachwe hata dakika moja, kalamu iwe mkononi mwa mtu. Pumzi, sauti, koo, ulimi, kulegea, au mabaka yakiambatana na kutapika: achomwe. Na wasisubiri ngozi iseme. Katika baadhi ya matukio, tena yale mabaya, ngozi haioneshi chochote. Mwanao ana pumu, kwa hiyo kifua kikibana ghafla baada ya kula na hamjui ni pumu au mzio, kalamu kwanza, pampu baadaye. Watu wazima wenye nia njema hupoteza dakika nyingi sana hapo, wakipuliza pampu moja baada ya nyingine.

Kalamu huchomwa upande wa nje wa paja, katikati, hata juu ya nguo. Mguu ushikwe imara usirushwe, na kalamu ishikiliwe kwa sekunde zilizoandikwa kwenye aina mliyo nayo, maana zinatofautiana. Paja lina sababu yake. Mwaka 1998 watafiti walipima watoto na kukuta kwamba dawa iliyoingia kwenye msuli wa paja ilifika kileleni katika damu kwa wastani wa dakika 8, na iliyochomwa chini ya ngozi ilichukua dakika 34.

Baada ya hapo alazwe chali, miguu iinuliwe. Akishindwa kupumua, akae miguu ikiwa imenyooshwa mbele. Akitapika, alale ubavu. Asisimame, asitembee kwenda ofisini, asibebwe wima begani kama tunavyobeba watoto, hata akisema amepona. Pumphrey yule yule aliandika mwaka 2003 kuhusu watu waliofariki sekunde chache baada ya kunyanyuliwa: damu inashukia miguuni, moyo unabaki mtupu. Ndiyo maana nasisitiza kalamu imfuate mtoto, si mtoto aifuate kalamu. Baada ya dakika 5, kama hakuna nafuu, kalamu ya pili. Kisha hospitali, kwa gari la wagonjwa au, pasipokuwa nalo, gari lolote akiwa amelala, hata kama anacheka, kwa sababu dalili zinaweza kurudi baada ya saa kadhaa bila kula chochote kipya.

Kalamu zako mbili ziko nyumbani. Kuanzia siku ya kwanza mbili ziwe shuleni, au ziende na kurudi naye kwenye mfuko mmoja wenye picha yake na mpango wa dharura, zikikabidhiwa mkono kwa mkono. Ukiweza kupata mbili nyingine za nyumbani, bora zaidi. Mahali pake pawe wazi, si rahisi kwa watoto kufikia lakini bila kufuli, na kila mwalimu, mpishi na msimamizi wa uwanja apajue. Zisikae kwenye friji wala kwenye gari lililo juani. Joto la kawaida la chumba linatosha. Tazama tarehe ya mwisho na dirisha la kalamu: dawa iliyobadilika rangi au yenye chembe ibadilishwe. Ikitokea dharura na iliyopo ni iliyopita tarehe lakini bado maji yake ni meupe kama maji ya kunywa, itumike, ni bora kuliko mikono mitupu. Na mpime uzito. Kalamu ya miligramu 0.15 ni ya mtoto wa kilo 15 hadi 30, ingawa wengi wetu tunahamia ya 0.3 akifika kilo 25. Watoto wanakua, kalamu hazikui.

Kwa wasomaji wengine watakaosema kalamu hizo hazipatikani kwao: adrenalini ya chupa ndogo ya kioo na bomba la sindano ni dawa ileile, na ni kati ya dawa za lazima katika orodha ya Shirika la Afya Duniani. Ugumu ni mikono. Katika jaribio la mwaka 2001 wazazi waliofundishwa walichukua zaidi ya dakika mbili kuvuta dozi moja, na kiasi walichovuta kilitofautiana mno. Ni njia inayowezekana kwa shule yenye muuguzi, au kwa watu waliofunzwa na daktari na kufanya mazoezi hadi vidole vizoee, dozi ikiwa imeandikwa kwa mililita kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye kasha. Usiianzishe kwa kusoma makala.

Unapokaa na mwalimu mkuu, nenda na maswali yanayouma kidogo. Siku mwalimu wa darasa anaumwa na amekuja wa kushikilia, nani anajua? Siku ya safari, nani kabeba mfuko, na je, yuko kwenye basi lile lile analopanda mtoto? Siku ya kusherehekea kuzaliwa kwa mwenzake, keki inagawiwa na nani? Mwalimu wa sanaa anatumia maboksi matupu ya maziwa? Mtoto akiwa uwanjani wa michezo mbali na ofisi, kalamu inachukua dakika ngapi kumfikia? Hilo la mwisho lipimeni kweli, mtu akimbie na saa. Kuna nchi ambazo hazikuacha haya kwenye hiari ya mtu: jimbo la Ontario, Kanada, lilipitisha mwaka 2005 sheria inayozitaka shule ziwe na mpango wa kila mtoto mwenye anafilaksia na mafunzo ya mara kwa mara, baada ya msichana wa miaka 13 kufariki kwa mzio uliomkuta shuleni. Uingereza tangu 2017 inaziruhusu shule kununua kalamu za akiba bila cheti cha daktari. Kama kwenu hakuna sheria, karatasi yenye saini tatu, yako, ya daktari na ya mwalimu mkuu, ndiyo sheria yenu.

Mtoto naye ana sehemu yake, lakini iwe ya ukubwa wake. Miaka sita anaweza kujua mambo matatu: sili kisichotoka kwa mama au mwalimu wangu, nikijisikia vibaya nasema kwa sauti, na siendi chooni peke yangu nikijisikia vibaya. Asibebeshwe jukumu la kusoma vibandiko vya vyakula au kujichoma. Na muulize juu ya wenzake. Utafiti uliofanywa New York mwaka 2013 ulikuta karibu theluthi ya watoto wenye mzio wa chakula wamewahi kuonewa kwa sababu ya mzio huo, wengine wakitikisiwa chakula usoni, na wazazi walijua katika nusu tu ya visa. Anayetikisa karanga mbele ya mwanao si mtani, na shule ilielewe hilo kabla halijatokea.

Mama mkwe sasa. Hajasema upuuzi, amesema jambo la kweli mahali pasipofaa. Mwaka 2015 utafiti mkubwa uliofanyika London kwa watoto wachanga 640 ulionesha kwamba waliokuwa katika hatari ya mzio, wakilishwa karanga mapema na mara kwa mara, walipungukiwa na mzio huo kwa karibu asilimia 80 wakifika miaka mitano. Lakini hiyo ni kinga kwa mtoto ambaye mtego haujategwa. Ukipata mtoto mwingine, muulize daktari mapema. Kwa aliyekwisha kuanguka, kuzoeshwa kupo, ila kwa kiasi kinachopimwa kwa miligramu, kikianzia kliniki mbele ya watu wenye adrenalini, kwa miezi mingi, na bado watoto hupata dalili njiani. Mwenye pumu isiyotulia hata haanzishwi. Tangu 2024 huko Marekani imeruhusiwa pia sindano ya omalizumabu kwa watoto wa kuanzia mwaka mmoja, inayopunguza ukali wa mzio wakila kwa bahati mbaya, bila kuwapa ruhusa ya kula. Mlambishe karanga jikoni kwa ncha ya kijiko, na utakuwa unarudia jaribio la mbwa wa Richet.

Kabla shule haijafunguliwa naomba umpeleke kwa daktari wa mzio, au wa watoto kama wa mzio hayupo karibu, uso kwa uso. Kuna mambo ambayo siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Biskuti ile ilikuwa na karanga, maziwa, au vyote, na kuna aliyethibitisha ni kipi kilichomwangusha? Watoto wengi wenye mzio wa maziwa huvumilia maziwa yaliyookwa kwa muda mrefu na baadaye kuuacha mzio kabisa, lakini hilo hujaribiwa kliniki tu. Dawa yake ya pumu ni ya kupuliza au ya unga? Baadhi za unga huwa na laktosi yenye chembe za protini ya maziwa. Na kama tangu miaka ile minne amewahi kupata tukio lolote, hata dogo lililopita lenyewe, mwambie daktari. Kila tukio linabadilisha mpango. Wewe pia, kama usingizi umekukimbia kwa wiki kadhaa, mtajie. Hofu ya mzazi wa mtoto aliyewahi kulegea mikononi mwake ni jeraha linalotibika.

Mwombe daktari akupe kalamu ya mazoezi, ile isiyo na sindano wala dawa. Nenda nayo kwenye kikao, iweke mezani, na umwombe mwalimu mkuu awe wa kwanza kuichoma kwenye paja lake mwenyewe. Halafu ampe mpishi.